Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Mwanamke yule aliingia kwa mlango wa jikoni bila kubisha hodi, akapita ukumbini na viatu vyake vya matope, akanikuta nimepiga magoti mbele ya meko ya chumba cha kulia nikikwangua rangi kwa kisu kidogo. Sikujua kwamba yupo mpaka maji ya kofia yake yalipodondoka karibu na mkono wangu.

"Chumba cha nyuma mmeshakifikia?" aliuliza.

"Samahani, mama, hapa ni kazini. Hizi rangi za zamani zina madini ya risasi, vumbi lake ni sumu. Hairuhusiwi mtu..."

"Nina miaka themanini na tatu. Hiyo sumu ifanye haraka kama inataka kuniwahi. Nimeuliza, chumba cha nyuma mmeshakifikia?"

Semisi Fonua, seremala wetu, alichungulia kutoka ukumbini akiwa na msumeno mkononi. Ni Mtonga wa visiwani, mwenye mabega yanayojaza mlango.

"Ailsa, huyu ni mkaguzi?" aliniuliza.

"Sijui."

"Mkaguzi angefuta viatu."

"Na fundi aliyelelewa angevua kofia mbele ya mtu mzima," yule bibi alimjibu bila kumgeukia. Semisi aliivua.

Nyumba ile iko juu ya kilima, Port Chalmers, mji mdogo wa bandari kusini kabisa mwa nchi, mahali ambapo ukifungua dirisha unanusa magogo ya misonobari yanayosubiri meli bandarini. Ilijengwa mwaka 1887, mbao tupu kutoka chini hadi darini, vyumba kumi na kimoja. Mimi nilikuwa na miezi minne tangu nihitimu. Nilikuwa nimesomea uhifadhi wa majengo ya kale, na niliamini kwa moyo wangu wote kwamba nyumba nzee ukiitendea kwa upole itakuambia yote iliyoyaona. Mwenye nyumba, Glenys Yorston, alinipa kazi ya kurudisha vyumba vyake katika sura ya zamani ili aifanye nyumba ya wageni. Mshahara ulikuwa mdogo. Kikubwa kilikuwa barua. Kulikuwa na nafasi moja Wellington, mji mkuu, katika ofisi inayotunza majengo ya kale, na walitaka barua ya mtu niliyemfanyia kazi, pamoja na picha za chumba nilichokikamilisha kwa jina langu. Ijumaa ya wiki ile mpiga picha wa jarida la nyumba alikuwa anakuja. Siku ile ilikuwa Jumatatu.

"Chumba cha nyuma bado," nilimwambia yule bibi. "Tutaanza kukivua keshokutwa."

Nilipotamka "kukivua" alifumba macho kidogo, kama mtu aliyekanyaga msumari na hataki watu wajue.

"Mnavua hadi mbao?"

"Hadi mbao. Nyumba za hapa hazina plasta. Waliwamba magunia juu ya mbao kwa misumari midogo, wakabandika karatasi za mapambo juu ya magunia. Tunatoa yote, tunatia sufu ya kuzuia baridi, halafu jipsamu."

"Najua zilivyojengwa. Baba yangu alibandika karatasi katika nusu ya nyumba za mji huu. Wewe ulizaliwa jana usinifundishe."

Alikuwa tayari anaelekea chumba cha nyuma, nami nikimfuata, mlango wa mbele ulipofunguliwa na Glenys akaingia akiwa amekumbatia masanduku ya vitasa vya shaba.

"Huyu ni nani ndani ya nyumba yangu?"

"Merle Pascoe," bibi alisema. "Nilikaa hapa kabla hujazaliwa."

"Na mimi nakaa hapa sasa. Tazama sakafu yangu! Hizo mbao zimepigwa nta Jumamosi."

"Nta utapiga tena. Nataka kuona chumba kimoja."

"Nyumba itafunguliwa kwa wageni mwezi wa tisa. Utalipa kama wageni wengine, na utafuta viatu."

"Mwaka sabini na nane aliyekuwa hapa aliniambia nirudi Krismasi. Nilirudi Krismasi akanifungulia mbwa. Ninyi watu wa nyumba hii, sijui mnazaliwa hivyo au mnaambukizwa na kuta."

"Semisi," Glenys alisema, "mtoe huyu mama."

Semisi alitazama msumeno wake, akatazama dari. "Mimi ni seremala," alisema. "Sitoi watu."

Bibi Pascoe alijitoa mwenyewe. Alipita katikati yetu ameinua kichwa, akafunga mlango kwa nguvu kiasi kwamba chembe za rangi ya zamani zilianguka juu ya masanduku ya vitasa.

Nilimfuata nje. Sikupanga kumfuata. Nadhani nilikuwa na aibu, na mimi aibu ikinipata miguu hutangulia. Alikuwa ndani ya kigari chake cheupe akihangaika na ufunguo.

"Bi Pascoe. Kuna nini katika chumba kile?"

"Unataka ya nini? Ukaandike kitabu?"

"Nataka kujua nisiharibu nini."

Alishusha kioo chote cha dirisha. Mvua iliingia ikamlowesha bega, hakukipandisha.

"Tulipanga vyumba viwili vya nyuma," alisema mwishowe. "Baba, mama na sisi watatu. Una ndiye mkubwa. Mimi na Nola tulizaliwa siku moja. Juni ya mwaka arobaini na moja baba alibadilisha karatasi za chumba chetu. Mafundi wa karatasi wana desturi yao, wanaandika jina na tarehe kwa penseli kwenye mbao kabla ya kufunika."

"Naijua."

"Bila shaka unaijua, umesoma. Siku ile baba alitusimamisha sisi watatu ukutani, mgongo kwenye mbao, akatuchora kwa penseli, kila mtu alivyo, kuanzia kichwani hadi viatuni. Tulicheka mpaka mama akaja na mwiko. Halafu akawamba magunia juu yetu, akabandika karatasi. Wiki sita baadaye Nola alipata dondakoo akafa. Mwenye nyumba alichoma kila kitu pale, uani. Godoro, nguo, mwanasesere, hata kiti chake. Majirani walijipanga kwenye uzio kutazama, kama wako kwenye sarakasi. Kisha tukafukuzwa. Hatukuwa na kamera. Hakuna picha yake duniani, binti. Uso wake nimeusahau, na mimi ndiye niliyefanana naye."

Niliushika mlango wa gari.

"Una ana miaka themanini na tisa. Yuko kwenye nyumba ya wazee Balclutha, moyo wake umebaki kidogo. Anataka kumwona. Wanamruhusu kutoka Jumamosi tu, siku ambayo nesi wake yupo."

"Njooni Jumamosi," nilisema. "Nitauacha ukuta ule. Nitaongea na Glenys, ni mtu mwenye..."

"Usimwambie!" Alipiga usukani kwa kiganja. "Husikii? Walitutazama vya kutosha. Sitaki mtu wa nyumba ile amwone Nola. Si yule mwanamke, si yule jitu na msumeno wake, wala wewe. Tutalivua gunia sisi wawili. Mtu yeyote asitangulie. Asichungulie hata kwa tundu la msumari. Unaweza hilo? Au ninyi wasomi lazima mfunue?"

"Naweza."

"Sema."

"Naahidi. Mpaka Jumamosi hakuna atakayefungua ukuta ule, na mimi sitatazama."

"Ahadi za nyumba hii nazifahamu," alisema, akawasha gari. Alinirushia matope hadi magotini alipoondoka.

Sasa nitaeleza kosa langu, maana ni kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya.

Sisi tunaohifadhi majengo tunafundishwa kuandika. Kila chumba kina daftari lake. Ukikuta msumari wa aina tofauti, unaandika. Ukisikia kutoka kwa mtu wa zamani kwamba mlango huu ulikuwa dirisha, unaandika jina lake, siku na saa. Mwalimu wangu alikuwa akisema kisichoandikwa hakikuwapo, na mimi nilimwamini kuliko nilivyoamini sala. Kwa hiyo Jumatatu ile ile jioni, mikono ikiwa bado na baridi ya mvua, nilifungua daftari la chumba cha nyuma nikaandika kwa mwandiko mzuri: *Ukuta wa kusini. Chini ya gunia huenda kuna michoro ya penseli ya watoto watatu, Juni 1941, kazi ya baba yao, fundi wa karatasi. Imesimuliwa na Bi M. Pascoe. Usifunguliwe kabla ya Jumamosi.*

Sikufikiri hata kidogo. Mkono uliandika kama mkono wa mtu mwingine unavyojikuna.

Jumatano asubuhi nilivua kuta tatu za chumba kile. Karatasi zilitoka tabaka kwa tabaka, mawaridi ya miaka ya hamsini, kisha majani ya kahawia, kisha mistari ya bluu, kisha gunia likiwa na vumbi jeusi la makaa ya miaka mingi. Ukuta wa kusini niliuacha. Semisi alisimama mlangoni akila mkate wa jibini.

"Umesahau mmoja, profesa."

"Huo unasubiri."

"Unasubiri nini? Posa?"

"Jumamosi. Usiniulize, Semisi. Na usiuguse, tafadhali."

Alitafuna. "Yule bibi?"

Nilirudi kwenye karatasi zangu. Alitikisa kichwa, akaenda zake huku anaimba.

Saa sita mchana Glenys aliniita jikoni. Alikuwa ameketi, miwani yake mikubwa puani, daftari limefunguliwa mbele yake. Sijawahi kumwona akitabasamu vile.

"Kwa nini hukuniambia?"

Nililitazama daftari, mwandiko wangu mwenyewe.

"Ailsa, hii ni dhahabu. Watoto watatu ukutani! Nimempigia simu mtu wa jarida, karibu alie. Ijumaa tutalifungua gunia mbele ya kamera. Wewe utashika upande mmoja, mimi upande mwingine. Itakuwa ukurasa wa kwanza, na kile chumba nitakiita Chumba cha Watoto. Watu watapigania kulala pale."

"Haiwezekani. Niliahidi."

"Ulimwahidi nani?"

"Bi Pascoe. Kwamba watakuja Jumamosi, yeye na dada yake, wafungue wenyewe. Mmoja wa watoto wale alikufa, Glenys. Hawana picha yake nyingine."

"Alikufa?" Aliinua macho. Kwa kitambo kidogo nilidhani nimemgusa. Kisha akachukua simu. "Ngoja nimwambie na hilo."

Nilimshika mkono. Sijawahi kumshika mtu mkono kwa hasira, na sikujua kwamba ninaweza. Aliutazama mkono wangu mpaka nikauondoa.

"Nikueleze jambo, msichana," alisema polepole. "Ukuta ni wangu. Gunia ni langu. Penseli iliyo chini yake, kama ipo, ni yangu. Nimeuza nyumba ya mama yangu kununua hii. Mwaka mzima mji huu unanicheka, wananiita Malkia wa Rangi. Hakuna aliyeniletea hata kikombe cha chai. Leo anakuja bibi wa kunitukana ukumbini kwangu, nawe unampa ukuta wangu kama peremende?"

"Alifanya vibaya kutukana. Lakini ni dada yake."

"Wangeomba vizuri."

"Waliomba. Mwaka sabini na nane. Wakafunguliwa mbwa."

"Mimi sina mbwa!"

Semisi alikuwa ameingia kuchukua maji. "Kumbe ndiyo hayo," alisema. "Ungeniambia, profesa. Gunia ningeweza kulipigilia ubao juu."

"Wewe nyamaza, ulipigilie ubao dirisha la choo linalovuja," Glenys alisema. Akanigeukia. "Ijumaa saa nne. Kama hutaki kushika gunia, Semisi atashika."

"Semisi ana mgongo," alisema Semisi. "Ijumaa utakuwa unauma."

"Basi nitalivua mwenyewe sasa hivi!"

Alisimama. Nami nilisimama kati yake na mlango. Nilijua kwamba anasema kweli, kwamba ukuta ni wake na hakuna sheria wala afisa angenisaidia. Nilijua pia jambo moja jingine. Chumba cha kulia kilikuwa bado kitupu. Karatasi zake, roli kumi na moja zilizochapwa kwa mkono Uingereza, zenye picha za makomamanga juu ya kijani kibichi, zilikuwa zimelala mezani, hakuna hata roli moja ya akiba. Karatasi ya namna ile ukiilowesha dakika moja zaidi rangi inachuruzika, ukikosea komamanga moja kwenye kiungo chumba kizima kinakwenda kombo. Fundi mwingine wa kuiweka alikuwa Invercargill, mji wa mbali, na nafasi yake ya kwanza ilikuwa Agosti.

"Chumba cha kulia," nilisema.

"Kimefanya nini?"

"Ukiufungua ukuta ule kabla ya Jumamosi, sitakibandika. Ijumaa mpiga picha atapiga picha za mbao."

Nje kreni ya bandari ilikuwa inashusha kontena, nalo lilitua kwa kishindo.

"Unanitishia?"

"Ndiyo," nilisema, na sauti yangu ilitoka kama ya mtoto anayekiri kuiba sukari. "Nadhani ndiyo."

Glenys aliketi tena. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, taratibu, kioo kimoja kisha kingine.

"Sawa. Tufanye biashara. Utabandika chumba cha kulia, kiishe kesho usiku kabla hujalala. Kwenye jarida litaandikwa kwamba kazi ni yangu. Jina langu peke yake. Picha hutazitumia popote. Barua hutapata. Kesho ukimaliza, umemaliza hapa. Na wale vikongwe nitawapa nusu saa Jumamosi, si dakika zaidi."

"Na ufunguo wa chumba cha nyuma akae nao Semisi."

"Chukua hata kitasa."

Semisi alinitazama. Alikwenda kuufunga mlango wa chumba cha nyuma, akautia ufunguo mfukoni.

Nilitamani kumwambia Glenys kwamba ile barua ndiyo niliyokuja kuitafuta, kwamba mama yangu, kule nyumbani Gore, alishawatangazia majirani habari za Wellington. Badala yake nilisema, "Nakubali," nikaenda kuchanganya gundi kabla miguu haijaniishia nguvu.

Alhamisi nilifanya kazi tangu alfajiri. Kila ukanda niliukata, nikaulowesha, nikaukunja, nikapanda nao ngazi mikono ikiwa juu kama mtu anayejisalimisha. Timazi lilining'inia kwenye kona likiniambia ukweli, maana nyumba ile hakuna kona hata moja iliyonyooka. Kila kiungo nilikifuta kwa sponji mara tatu. Glenys aliweka kiti katikati ya chumba, akaketi kunitazama siku nzima, akinywa chai bila kunikaribisha.

"Komamanga lile limepinda."

"Ni dari iliyopinda. Likinyooka na dari litapinda na dirisha."

"Kila kitu una jibu."

Jioni nilifika ukanda wa mwisho, ule wa nyuma ya mlango, mahali ambapo mafundi huandika. Mbao zilikuwa wazi mbele yangu, upana wa kifua. Penseli ilikuwa sikioni. Sikujua kwamba mkono wangu umeishaiendea mpaka Glenys aliposema kutoka kitini:

"Hapana. Si jina lako. Tulikubaliana."

"Hakuna atakayeliona. Litafunikwa."

"Mimi nitajua liko."

Nilirudisha penseli sikioni. Nilipandisha karatasi, nikaipangusa kwa brashi kutoka katikati kwenda pembeni, mapovu yote yakatoka. Kilikuwa chumba kizuri. Nasema hivyo bila kujisifu, kwa kuwa hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni changu. Makomamanga yalizunguka kuta nne yakakutana nyuma ya mlango bila kovu, na taa ilipowashwa kijani kile kilikuwa kama maji yenye kina.

Ijumaa sikuwapo. Semisi aliniambia kwenye simu kwamba mpiga picha alizunguka chumba cha kulia kwa muda wa saa tatu akisema "Ni nani aliyeifanya hii?" na kila mara Glenys alijibu, "Mimi." Mara ya tatu, Semisi alisema, hakumtazama usoni.

"Na chumba cha nyuma?"

"Alikuja kuomba ufunguo mara mbili. Mara ya kwanza nilimwambia nimeuacha nyumbani. Mara ya pili nilimwambia nimeumeza."

Jumamosi kulikuwa na upepo wa kusini, ule wa baridi unaoingia hadi kwenye meno. Niliwasubiri langoni. Bi Pascoe alitoka kwenye gari akafungua kiti cha magurudumu peke yake, akanisukuma mkono nilipotaka kusaidia.

"Umefungua?"

"Hapana."

"Umechungulia?"

"Hapana."

"Tutaona. Misumari itasema."

Una alikuwa mdogo mno ndani ya blanketi, na macho ya samawati yasiyokaa mahali pamoja. "Huyu ni nani, Merle?" aliuliza.

"Mfanyakazi wao."

"Si mfanyakazi wetu tena," Glenys alisema kutoka barazani. Alikuwa ameshika simu. "Nusu saa. Na mnavuka sakafu kwa magazeti."

Alikuwa ametandika magazeti ukumbi mzima. Semisi alikibeba kiti na Una ndani yake, akapandisha ngazi kama mtu anayebeba sinia, akamtua mbele ya chumba cha nyuma, akatoa ufunguo mfukoni. Bi Pascoe aliupokea bila asante. Akiwa ndani aliinama kwenye ukuta wa kusini, akapitisha vidole kwenye ukingo wa gunia, msumari kwa msumari, akihesabu kutu. Alichukua muda mrefu. Kisha akanitazama, mara ya kwanza bila dharau, ingawa huruma nayo haikuwamo.

"Toka," alisema. "Wote."

"Mlango hauna kishikio cha kitasa, na ufunguo unafunga kwa nje tu," Semisi alisema. "Nilikitoa Jumatano. Vipya vya shaba bado."

Ilikuwa kweli. Mlango ulirudi nyuma wenyewe kila uliposukumwa, na upepo ukiupiga. Bi Pascoe aliutazama mlango, akanitazama mimi.

"Basi wewe simama hapo kizingitini. Uso nje."

Nilisimama, mabega yangu yakiziba nafasi niliyoweza kuziba. Semisi alikwenda jikoni bila kuambiwa. Nyuma yangu nilisikia koleo ndogo ikianza kazi, msumari mmoja, kisha mwingine, kila mmoja ukitoa mlio mfupi. Nilisikia gunia likichanika, karatasi kavu ikivunjika, vumbi likimwagika sakafuni kama mchele. Harufu ya makaa na gundi ya unga ilinizunguka. Kila kilichokuwa ndani yangu cha miaka minne ya masomo kilitaka kugeuka. Hakuna mtu aliyewahi kuona kitu kama kile. Hakuna aliyekiandika. Ningekitazama kwa sekunde moja tu, ningekikumbuka maisha yangu yote.

Kisha koleo ikawekwa sakafuni.

"Mfupi hivyo?" sauti ya Una ilisema.

"Ndiyo," alisema Bi Pascoe, na sikuitambua sauti yake. "Alikuwa mfupi hivyo."

"Nilidhani alikuwa mkubwa. Katika ndoto zangu ni mkubwa. Tazama viatu vyake, Merle. Kamba imefunguka. Baba amechora mpaka kamba."

Glenys alikuja ukumbini kwa vidole vya miguu, simu imeinuliwa.

"Sogea," alininong'oneza.

"Hapana."

"Picha moja. Hawatajua."

"Nitajua mimi."

"Huna kazi hapa. Huna barua. Nikitaka nawapigia polisi. Unamlinda nani? Hata hakupendi."

"Najua hanipendi."

"Ailsa!" Bi Pascoe alisema nyuma yangu, kwa ukali ule ule wa Jumatatu. Sikumbuki kumwambia jina langu. "Bado uko hapo?"

"Nipo."

"Usigeuke."

"Sigeuki."

Glenys alisogea mpaka pumzi yake ikanifikia. Alinyosha shingo kutazama juu ya bega langu, nami nikainuka kwa ncha za vidole kumziba. Hapo, katika vioo vya miwani yake mikubwa, niliona mwanga wa dirisha la chumba, ukuta wa mbao uliojaa vumbi, na kitu chembamba cheusi kikianza kupata umbo.

Niliinamisha macho, nikayatua kwenye magazeti ya sakafuni, nikasoma matangazo ya kondoo wa mnada mpaka nusu saa ikaisha.